Simu ya mwenye mzigo yahatarisha mzigo wenyewe

SAA nane za usiku, lori lililojaa viazi huondoka Njabini, Kaunti ya Nyandarua, likielekea soko la Wakulima jijini Nairobi, ambalo wengi hulijua kwa jina la Marikiti. Sharti lifike kabla ya mapambazuko. Wauzaji wa rejareja huja alfajiri, na kukishapambazuka bei huanza kuteremka.

Kabla lori halijafika Fly Over, pale barabara ya Njabini inapoungana na barabara kuu ya Nakuru kwenda Nairobi, simu ya dereva huwa imelia mara mbili au tatu. Wa kwanza ni dalali wa Marikiti anayetaka kujua mzigo umefika wapi. Wa pili ni mkulima, ambaye amesikia kwamba malori kutoka Molo yamejaa sokoni na sasa ana wasiwasi kuhusu bei. Wa tatu ni mwenye lori, ambaye anataka dereva amalize Nairobi mapema achukue mzigo wa kurudi. Kisha huja mlio mfupi wa ujumbe. Ni M-Pesa, pesa za mafuta zimeingia, na dereva anataka kuhakikisha kiasi ni kile walichopatana.

Hakuna hata mmoja kati ya hawa anayemtakia dereva mabaya. Kila mmoja ana pesa ndani ya lori hilo.

Lakini kutoka Fly Over kwenda Limuru barabara hupita Kinale na Kimende, sehemu inayojulikana sana kwa ukungu. Hapo ndipo lilipo Soko Mjinga, na hapo kuna watu wanaovuka barabara, mikokoteni, bodaboda zisizo na taa za nyuma na malori mengine yaliyoharibika na kuegeshwa nusu ndani nusu nje ya lami. Dereva anayejibu simu mahali kama hapo anatumia mkono mmoja, sikio moja na sehemu kubwa ya akili yake kumtuliza mtu ambaye yuko kitandani.

Ajali inapotokea, lawama humwendea dereva. Polisi humshika, mwenye lori humfuta kazi, naye mkulima huhesabu hasara ya magunia. Ni nadra mtu kuuliza ni nani aliyekuwa upande wa pili wa simu.

Hesabu ya mita

Lori linalokwenda kasi ya kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kwa kila sekunde moja. Dereva akiinamia simu kwa sekunde tano tu kusoma ujumbe, lori litakuwa limekwenda mita 111 bila mtu kuangalia mbele. Huo ni urefu wa uwanja wa kandanda. Hata katika kituo cha biashara ambako kasi haifai kuzidi kilomita 50, sekunde tano hizo ni karibu mita 70, umbali unaotosha kupita kivuko cha watoto wa shule na kukiacha nyuma.

Hapo breki bado hazijaguswa. Lori lenye tani kumi za viazi halisimami kama gari dogo, na likiwa kwenye mteremko au kwenye lami yenye utelezi, mita zinazohitajika huongezeka zaidi.

Shirika la Afya Duniani (WHO) husema kwamba dereva anayetumia simu huwa katika hatari ya kupata ajali takriban mara nne zaidi ya yule asiyeitumia. Shirika hilo pia limeeleza jambo ambalo madereva wengi hawapendi kulisikia: kutumia kifaa cha masikioni hakuleti usalama mkubwa kuliko kushika simu mkononi. Sababu ni kwamba macho yanaweza kuwa barabarani huku akili ikiwa Marikiti ikibishania bei. Mtu huona tuta au ng'ombe, ila huchelewa kutambua kwamba ameliona.

Mazungumzo ya biashara huenda ndiyo mabaya zaidi kwa dereva, kwa kuwa yana hesabu ndani yake. Kumsalimia mke ni jambo moja. Kumwambia dalali kwamba magunia 30 ni ya mkulima huyu na 25 ni ya yule, na kwamba ya pili hayauzwi chini ya bei fulani, ni kazi ya ofisini inayofanywa nyuma ya usukani.

Kwa mujibu wa Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama na Uchukuzi Barabarani (NTSA), watu 4,748 walikufa katika barabara za Kenya mwaka 2024, wakiwa wameongezeka kutoka 4,324 mwaka 2023. Kundi kubwa zaidi ni la watembea kwa miguu, wakifuatwa na waendeshaji pikipiki. Si rahisi kujua ni wangapi waliuawa na simu. Dereva aliyenusurika hana haja ya kueleza kwamba alikuwa akizungumza, na simu yenyewe ikishaokotwa kwenye vioo vilivyovunjika haitoi ushahidi mpaka mtu aidai kumbukumbu zake.

Faini isiyolingana na hatari

Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, ilitungwa miaka ya 1950, wakati simu ilikuwa kitu kilichofungwa kwenye ukuta wa posta. Imerekebishwa mara nyingi tangu hapo, lakini kwa kushonewa viraka, na viraka hivyo havilingani rangi.

Kanuni za makosa madogo za mwaka 2016 ziliorodhesha makosa 37 na faini zake. Dereva anayetumia simu ya mkono gari likiwa katika mwendo aliwekewa Sh2,000. Katika orodha hiyohiyo, kukosa vibao vya pembetatu vya kuonya wengine gari linapoharibika ni Sh3,000. Kupuuza ishara ya barabarani pia ni Sh3,000. Kuendesha gari lisilo na cheti halali cha ukaguzi ni Sh10,000. Kuzidisha kasi kwa kati ya kilomita 16 na 20 kwa saa ni Sh10,000, lakini kuizidisha kwa kati ya 6 na 10 ni Sh500, sawa na kutofunga mkanda.

Dereva anayesoma orodha hiyo kama mfanyabiashara anavyosoma bei atafikia uamuzi kwamba simu ni kosa la bei nafuu. Cheti cha ukaguzi kilichopitwa na tarehe hakijamgonga mtu, ila kinagharimu mara tano ya simu.

Maneno ya kanuni hiyo nayo yana mianya. Inasema gari likiwa katika mwendo. Je, lori lililokwama kwenye msongamano wa Kangemi, linalosogea hatua moja kila dakika, liko katika mwendo? Simu iliyofungwa kwenye kishikio cha dashibodi na kutumiwa kama ramani, je, inatumiwa? Na utingo akimshikia dereva simu sikioni, ni nani anayeitumia? Afisa mmoja atasema hilo ni kosa, na mwenzake kilomita 20 mbele atasema si kosa.

Isitoshe, afisa huyo anaweza kuiacha kanuni ya Sh2,000 na kumshtaki dereva chini ya kifungu cha 49 cha sheria yenyewe, kwa kuendesha gari bila uangalifu unaotakiwa, kosa ambalo adhabu yake ni nzito zaidi kwa mbali. Kitendo kimoja, bei mbili. Pengo kati ya bei hizo ndilo huzaa yale mazungumzo ya kando ya barabara ambayo kila mwenye lori huyatengea pesa kidogo katika bajeti ya safari, bila kuyaandika popote.

Kwa upande mwingine, serikali inapotaka kuwa na kipimo kamili huwa inaweza. Kanuni za viazi za mwaka 2019 zilitaja mfuko usiozidi kilo 50, na mkulima yeyote wa Kinangop anajua tofauti ya kilo 50 na ule mfuko wenye kilemba.

Mianya kama hiyo haiko Kenya pekee. Mkataba wa Vienna kuhusu trafiki barabarani wa mwaka 1968, uliorekebishwa mwaka 2006, unazitaka nchi wanachama kupiga marufuku simu inayoshikwa mkononi gari likiwa katika mwendo, na hauendi mbali zaidi ya hapo.

Nchini Uingereza, simu ya kushika mkononi ilipigwa marufuku mwaka 2003. Hata hivyo, mwaka 2019 Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliamua kwamba dereva aliyepiga picha za video za ajali kwa simu yake akiwa anaendesha hakuvunja marufuku hiyo, kwa kuwa sheria ilizungumzia simu inayotumiwa kuwasiliana na kupiga picha si kuwasiliana. Ilibidi sheria irekebishwe, na tangu Machi 2022 kuishika simu kwa karibu kazi yoyote ni kosa, hata gari likiwa limesimama kwenye taa au katika foleni. Faini ni pauni 200 na pointi sita kwenye leseni. Waliruhusu jambo moja: dereva aliyesimama anaweza kuitumia simu kulipia bidhaa pale anapohudumiwa.

Msamaha huo unahusu malipo, na malipo ndiyo yanayomfanya dereva wa Kenya kugusa simu mara nyingi zaidi. Tangu M-Pesa ilipoanza Machi 2007, simu ya dereva imekuwa pia kibeti chake. Mafuta hulipwa humo, chakula humo, vibarua wa kushusha mizigo humo. Kanuni za 2016 hazikulitaja hilo kabisa.

Kuvuka mpaka, kubadili sheria

Wanaochukua vitunguu Mang'ola, karibu na Ziwa Eyasi nchini Tanzania, na kuvileta Nairobi kupitia Namanga, wana hesabu nyingine ya kujifunza. Upande wa Tanzania, ishara za kilomita 50 kwa saa husimama karibu kila kijiji kando ya barabara kuu, na polisi wenye vifaa vya kupima kasi hawako mbali nazo. Huko, kwa miaka mingi makosa mengi ya barabarani yalitozwa faini moja ya Sh30,000 za Tanzania, liwe kosa dogo au kubwa. Pikipiki na bajaji zilipunguziwa hadi Sh10,000 mwaka 2021.

Kenya basi ilipanga faini kwa ngazi zisizofuata hatari, nayo Tanzania ikaziweka zote kwenye ngazi moja. Dereva anayefanya kazi nchi zote mbili hujifunza kumwogopa afisa zaidi ya kuiogopa barabara.

Matokeo yake yanachekesha na kusikitisha kwa wakati mmoja. Madereva wameunda vikundi vya ujumbe wa simu vya kuonyana polisi walipo. Ili asishikwe kwa kosa la kasi, dereva hulazimika kuitazama simu kila mara, yaani hufanya kosa moja kuepuka jingine. Wengine huangaliana taa, wakiwashiana kwa haraka mchana kweupe, ishara ambayo mgeni anaweza kuidhania kuwa ni onyo la ajali iliyo mbele.

Anayepeleka mchele au mahindi kutoka Tanzania hadi Rwanda hukutana na badiliko kubwa kuliko yote. Akivuka daraja la Rusumo huacha upande wa kushoto na kuanza kuendesha kulia. Kwa saa za kwanza akili yake yote inahitajika barabarani, hasa anapotaka kulipita gari jingine, kwa kuwa usukani wake uko upande usiomwezesha kuona linalokuja. Huo ndio wakati ambao mwenye mzigo, akijua mpaka umeshavukwa, hupiga simu kuuliza makaratasi yalikwendaje.

Ndani ya Kenya kwenyewe kuna mkanganyiko unaowahusu wakulima wadogo zaidi. Kanuni za Waziri wa zamani wa Uchukuzi John Michuki, zilizoanza kutekelezwa Februari 2004, zililazimisha matatu na malori ya biashara yenye uzito mtupu wa zaidi ya kilo 3,048 kufungwa vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa. Pikapu iliyosheheni kabichi hadi juu ya paa haikuguswa. Ina breki za gari dogo na mzigo wa lori, mara nyingi haina utingo, na dereva wake ndiye mwenye mali, ndiye dalali, na ndiye anayepokea simu zote.

Biashara ya kando ya lami

Mfanyabiashara wa kando ya barabara naye ana sehemu yake. Panapowekwa matuta, baada ya wiki chache hutokea vibanda vya mahindi ya kuchoma, karoti na plamu, kwa kuwa gari linalopunguza mwendo lina uwezekano wa kununua. Wachuuzi hukimbia kando ya dirisha na vikapu, na macho ya dereva huondoka mbele na kwenda kwenye bidhaa. Kwa sheria hilo si kosa la simu wala la kasi, na halina jina.

Mnamo Juni 30, 2023, lori liliacha njia kwenye makutano ya Londiani na kuwavamia wachuuzi na abiria waliokuwa kando ya barabara. Zaidi ya watu 50 walikufa. Ajali hiyo haitajwi hapa kwa sababu ya simu. Inatajwa kwa sababu baada yake serikali iliagiza wachuuzi waondolewe kando ya barabara kuu, agizo ambalo si geni, na ambalo kila linapotolewa hukutana na ukweli uleule: mara nyingi mchuuzi huyo hulipa ushuru wa kila siku kwa kaunti na kupewa risiti. Asubuhi yeye ni mfanyabiashara halali. Adhuhuri anaambiwa amevamia ardhi ya barabara.

Nani hulipa viazi vikimwagika

Wakulima wengi huamini kwamba gari likiwa na stika ya bima kwenye kioo, mzigo wao uko salama. Sivyo. Bima ambayo sheria inalazimisha kila gari kuwa nayo ni ya kulinda watu wengine wanaoumizwa au kuuawa na gari hilo. Haifidii viazi, nyanya wala maziwa yaliyo ndani. Mzigo una bima yake, ya bidhaa zilizo safarini, inayonunuliwa kando, na ni wachache wanaosafirisha magunia 50 kwa wiki ambao wameshawahi kuiulizia bei.

Kwa hivyo lori likianguka Kimende saa kumi alfajiri, mwenye lori atahangaika na bima yake, dereva atahangaika na polisi, na mkulima aliyepanda viazi miezi minne iliyopita hatakuwa na wa kumdai. Anaweza kwenda mahakamani kuthibitisha uzembe. Huko ataulizwa kama dereva alikuwa kwenye simu, na kama alikuwa akizungumza naye.

Hali ni mbaya zaidi kwa mkulima anayeamua kusafiri na mzigo wake akikaa juu ya magunia ili asidhulumiwe na dalali. Lori la mizigo halina leseni ya kubeba abiria, na kampuni ya bima inaweza kukataa kumfidia kwa kuwa hakupaswa kuwa hapo.

Njia ya bei rahisi

Kuna mambo ambayo hayahitaji kusubiri Bunge. La kwanza ni kutompa dalali nambari ya dereva. Lori lenye utingo lina mtu wa pili mwenye mikono isiyo na kazi wakati wa safari, na simu zote za mzigo zinafaa kumwendea yeye, huku ya dereva ikiwa imezimwa au iko ndani ya sanduku la dashibodi. Utingo akiulizwa bei atajibu mwenyewe, au aseme watapiga wakifika kituoni. Asimpe dereva simu sikioni, maana hapo hakuna kilichobadilika.

Kwa pikapu isiyo na utingo inabidi vituo vipangwe kabla ya kuondoka. Kutoka Njabini viwili vinatosha: Fly Over na Limuru. Dereva anaingia katika kituo cha mafuta, si pembeni mwa lami kwenye ukungu, anasimama dakika tano, anasoma ujumbe wote na kupiga simu anazotakiwa. Vituo viwili ni dakika kumi. Mzigo unaoharibika au kushuka bei kwa sababu ya dakika kumi ulikuwa umechelewa tangu shambani, na aliyeuchelewesha ni vibarua wa kupakia au mvua iliyofunga barabara ya kijijini.

Pesa za mafuta na za vibarua zitumwe kabla ya gari kuondoka, zithibitishwe gari likiwa bado kwenye ghala. Bei ya chini kabisa ambayo mkulima atakubali ikubaliwe jioni, iandikwe kwenye karatasi pamoja na hesabu ya magunia ya kila mmoja, na utingo aibebe. Kabla ya mwaka 2000, wakati simu ya mkono ilikuwa mali ya wachache, karatasi hiyo ndiyo iliyofanya kazi yote. Malori yalifika Marikiti na viazi viliuzwa.

Wenye malori nao wana tabia moja ya kuangaliwa. Baadhi yao humlipa dereva zaidi anapowahi na kumkata anapochelewa, kisha hubandika karatasi ndani ya lori inayokataza simu. Dereva hufuata ile yenye pesa.

Naye mkulima aliyeshindwa kulala saa tisa za usiku, akitaka kujua mzigo umefika wapi, anaweza kupiga hesabu mwenyewe. Kutoka Njabini hadi Marikiti lori lililojaa halichukui usiku kucha. Lililoondoka saa nane liko karibu na Limuru, na dereva atapiga akifika kwenye kituo cha mafuta.